Ununue fimbo gani za gofu kwa laki nane, na ujifunzie wapi hapa Dar

Ndugu yangu, umeeleza kwamba una shilingi laki nane, kwamba wenzako wa kazini wamekualika kucheza kwenye uwanja wa gofu wa Lugalo, na kwamba ungependa kujua ununue seti ipi na nani akufundishe. Mimi ningelianzia upande wa pili wa swali: mtafute kwanza wa kukufundisha, fimbo zifuate. Walimu wengi wa gofu huwa na fimbo za kumwazima mwanafunzi, na baada ya masomo machache mwalimu atakuwa ameshaona namna unavyozungusha mabega, mpira wako unakopenda kukimbilia, na kama mpini mgumu unakushinda au la. Muuzaji hawezi kuyajua hayo kwa kukutazama ukiwa umesimama mbele ya kaunta.

Kanuni zinaruhusu fimbo zisizozidi 14 mkobani, na wauzaji hupenda kuitaja idadi hiyo kana kwamba ni sharti. Anayeanza anatosheka na saba: haibridi moja ya kupigia mbali, aini (fimbo za kichwa bapa cha chuma) namba 6, 7 na 9, pichingi weji (weji ni fimbo fupi ya kuinulia mpira karibu na shimo), weji ya mchanga ya nyuzi 56, na pata ya kusukumia mpira shimoni. Draiva, ile fimbo ya pigo la kwanza la mbali, iache kwanza, maana mpini wake ni mrefu na uso wake umesimama, kwa hiyo kosa dogo la mikono linaupeleka mpira porini. Jambo lingine ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye aini haina kipimo kimoja kwa watengenezaji wote. Aini namba 7 ya miaka ya tisini ilikuwa na mlalo wa uso wa nyuzi 34 hivi, ilhali nyingi za siku hizi ni nyuzi 30 au pungufu, na uso uliosimama zaidi hupeleka mpira mbali, kwa hiyo mwenzako akijisifu kwamba anafika mbali kwa namba 7, muulize kwanza fimbo yake ni ya mwaka gani. Ndiyo maana pia ningekushauri aini zako zote zitoke kwenye seti moja, hata kama ni kuukuu.

Kwa fedha uliyonayo utanunua mitumba, na hilo si la kuonea haya. Kinachotakiwa ni kuikagua fimbo kwa mkono. Itikise karibu na sikio. Ikigongagonga ndani, kuna kitu kimeachia. Tazama pale mpini unapoingia kwenye kichwa, kwani kipete cheusi cha plastiki kikiwa kimepanda juu, huenda gundi imechoka, na kichwa kinaweza kuruka ukiwa katikati ya pigo. Pitisha ukucha kwenye mifereji ya uso wa weji. Usipokwama popote, mifereji imekwisha na mpira hautasimama kwenye grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, yaani kutu, ambayo hujificha chini ya mshikio, hivyo mwombe muuzaji akuruhusu kuchungulia kwa juu. Mshikio wenyewe ukiwa mgumu na unateleza usikukatishe tamaa, kwa sababu kuubadilisha ni kazi ndogo. Ukiuziwa draiva ya jina kubwa kwa bei ya kutupa, beba sumaku ndogo: titani hainasi sumaku, na kichwa kikinasa, hicho si titani, hata kama maandishi yake yanang'aa.

Kuhusu urefu, simama wima ukiwa umevaa viatu, mikono ikining'inia, umwombe mtu akupime kutoka kwenye mkunjo wa kiganja hadi sakafuni. Kipimo hicho, pamoja na kimo chako, kitamsaidia mwalimu kukuambia kama fimbo za kawaida zinakufaa. Iwapo wewe ni mashoto, vumilia utafute za mashoto ingawa ni adimu. Usikubali kugeuzwa kwa sababu tu muuzaji ana mzigo wa mkono wa kulia.

Uwanja nao una neno lake. Kiangazi ardhi ya Dar hukauka na kuwa ngumu, na weji yenye tumbo nene chini hudunda juu ya ardhi hiyo, ukauchapa mpira kiunoni badala ya chini yake; chagua yenye tumbo la wastani. Uwanja wa Gymkhana uko karibu na bahari, na upepo wa kusi ukikaza utafurahi kuwa na aini 6 ya kupigia mpira wa chini. Usiazime hesabu za umbali kutoka kwa rafiki wa Arusha au Nairobi, kwa kuwa huko juu hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali kuliko huku kwetu.

Sasa mafunzo. Kwa kuwa umealikwa Lugalo, waombe wenzako wakutambulishe kwa mwalimu wa hapo, nawe uulize mapema taratibu za mgeni, maana ni uwanja ulio ndani ya kambi ya jeshi. Hazina ambayo wageni huidharau ni makedi, wale wanaotubebea mikoba. Wengi wao ni wachezaji hodari, wanajua kila grini inainamia wapi, na ukimlipa mmoja wao vizuri akae nawe saa moja kwenye grini ya mazoezi, utapata faida ambayo video za mtandaoni hazitakupa. Kumbuka kwamba katika uwanja wa pa 72 (mapigo 72 yanayotarajiwa kwa mashimo 18), mapigo 36 yamehesabiwa kuwa ya pata, mawili kwa kila shimo, lakini wanaoanza hushinda siku nzima wakijizoeza draiva tu. Kanuni zinapatikana bure kwenye programu ya simu ya R&A, chombo kinachosimamia kanuni za gofu. Handikapu, namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji, utaipata kupitia klabu, na mfumo unaotumika duniani tangu 2020 unaruhusu hadi 54, kwa hiyo usingoje uwe hodari ndipo uiombe.

Ukishapimwa, andika hapa kimo chako, kipimo cha kiganja hadi sakafuni, na mkono unaotumia, nasi tutakuambia ni mitumba ipi ya kwenda kuikagua.