Kabla ya kufomati diski ya mtumiaji, itazame ramani ya silinda

Swali: Maalim, shikamoo. Mimi niko Langoni, Lamu, na tangu mwezi uliopita nimepewa kazi ya kusimamia, kwa mbali kupitia intaneti, watumiaji wa mfumo wa z/VM ulio kwenye kompyuta kuu ya IBM ya mwajiri wangu, mfumo unaompa kila mtumiaji kompyuta yake ya kuigiza. Nimeagizwa kuwapa watumiaji watatu wapya diski zao. Wa kwanza nilimwandikia mstari huu katika faili la USER DIRECT, yaani saraka ya watumiaji na diski zao:

MDISK 0191 3390 0501 0020 VMU001 MR

Juu yake kuna mstari wa mtumiaji wa zamani:

MDISK 0191 3390 0491 0015 VMU001 MR

Niliendesha amri ya DIRECTXA nayo haikulalamika. Lakini mtumiaji mpya alipoingia alikutana na ujumbe wa DMSACP112S, unaosema kwamba diski A(191) ina hitilafu. Je, diski imeharibika? Na kazi ya kufomati ni yangu au ni yake?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Diski haijaharibika, na ujumbe huo usikutishe. Ndivyo CMS, mfumo anaoufanyia kazi mtumiaji akishaingia, inavyosema inapojaribu kufungua minidiski (kipande cha diski kubwa alichogawiwa mtumiaji) ambayo haijafomatiwa, kwa kuwa haioni lebo wala orodha ya mafaili mahali inapovitarajia. Hata hivyo nakuomba usiifomati bado. Katika mistari miwili uliyoniletea mna kosa kubwa kuliko hilo uliloliulizia, na kama ungeandika amri ya FORMAT badala ya kuniandikia mimi, yule mtumiaji wa zamani huenda angekwisha kupoteza mafaili yake.

Hebu tuhesabu pamoja kwa silinda, yaani mafungu ambayo diski hugawanywa. Mtumiaji wa zamani anaanzia silinda ya 491 na amepewa silinda 15. Basi zake ni 491 hadi 505, kwa sababu ile ya kuanzia nayo inahesabiwa. Huyu mpya umemwanzishia 501. Silinda tano, kuanzia 501 hadi 505, zina wenyewe wawili. Sisi wa Malindi hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hili, maana habari za kiwanja kimoja kuuziwa watu wawili, kila mmoja na karatasi yake mkononi, tumezisikia tangu utotoni. Ugomvi hauonekani siku ya kuandikishana. Huonekana siku mmoja wao anapoleta mafundi kuchimba msingi. FORMAT ndiyo kuchimba msingi kwenyewe.

Utauliza kwa nini DIRECTXA ilinyamaza. Kazi yake ni kukagua kwamba mistari imeandikwa sawasawa, kisha kuigeuza saraka iwe katika umbo ambalo CP, kiini cha z/VM, inaweza kulisoma. Minidiski mbili kupandana si kosa machoni pake, na kuna sababu: wasimamizi wengi hujiandikia kwa makusudi minidiski moja inayoifunika diski nzima, kuanzia silinda 0 mpaka END, ili waweze kuchukua nakala za akiba kwa mkupuo mmoja. Mfumo hauwezi kujua lipi umelikusudia na lipi limekuponyoka. Mwenye kujua ni wewe, na chombo chako ni DISKMAP. Andika DISKMAP USER DIRECT, nayo itakutengenezea faili la USER DISKMAP linaloorodhesha kila diski, silinda zilizogawiwa, mapengo yaliyobaki na mahali ambapo wawili wamepandana. Mimi silipitishi badiliko lolote la saraka kabla ya kulisoma faili hilo, hata kama nimeongeza mstari mmoja tu.

Kwa hiyo rekebisha mwanzo wa mtumiaji mpya uwe 0506. Kwa silinda 20 atafika 525, wa pili ataanzia 526 hadi 545, na wa tatu 546 hadi 565, ikiwa ramani itaonyesha kwamba nafasi hiyo iko wazi. Ukikosea kwa kuacha silinda moja katikati hakuna madhara, ni nafasi ndogo tu iliyopotea; anayekosea kwa upande wa pili ndiye mwenye kuleta balaa. Silinda 0 usimpe mtumiaji hata siku moja, kwa sababu ndimo ilimo lebo ya diski yenyewe. Na kwa upande wa mwisho, ikiwa VMU001 ni diski ya 3390 ya modeli ya 3, ina silinda 3,339, na kwa kuwa hesabu inaanza na sifuri, ya mwisho ni 3338.

Nafasi ya silinda 20 ni kubwa kiasi gani? Silinda moja ya 3390 ina njia 15, na kila njia inachukua vipande 12 vya baiti 4,096, yaani vipande 180 kwa silinda. Silinda 20 ni vipande 3,600, au baiti 14,745,600. Kwa kijana wa leo aliyezoea simu ya gigabaiti 64 ni kama kejeli, lakini kwa mtumiaji wa CMS mwenye programu zake ndogo na maandishi yake inatosha kabisa, na ni rahisi kumwongezea baadaye kuliko kumpunguzia.

Ukishasahihisha saraka na kuendesha DIRECTXA tena, usisahau jambo moja ambalo limewaponza wengi. Mtumiaji aliyekwisha ingia bado anaishikilia minidiski kama ilivyokuwa wakati alipoingia. Yule wako akiendelea kukaa ndani na akaifomati 191 yake, ataifomati 501, siyo 506, na mafaili ya jirani yatakwenda vilevile kana kwamba hukusahihisha kitu. Mwambie atoke kwa LOGOFF, kisha aingie upya.

Sasa swali lako la pili. Anaweza kufomati mwenyewe kwa FORMAT 191 A, na hakuna ubaya, lakini mimi hupendelea msimamizi aifanye kazi hiyo kabla hajamkabidhi mtu akaunti, ili asikaribishwe na ujumbe wa hitilafu. Akiwa hayumo ndani, andika LINK, jina lake, kisha 191 391 MR. Maana yake ni kwamba 191 yake sasa unaiona kwako kwa namba 391, na una ruhusa ya kuandika maadamu hakuna mwingine anayeandika. Ninyi wa Lamu mna wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili. LINK ndiyo wikio, na haijengwi bila idhini. Kwa kuwa mstari wako wa MDISK hauna nywila yoyote baada ya MR, akaunti yako itakataliwa isipokuwa imepewa chaguo la LNKNOPAS, la kuunganisha bila nywila, au ruhusa kutoka kwenye programu ya ulinzi. Usiibadilishe MR iwe MW ili mambo yapite. MW inaruhusu wawili kuandika kwa pamoja, na CMS haina namna ya kuwapatanisha. Orodha ya mafaili huvurugika, na kuirudisha ni kazi ya siku nzima ikiwa inawezekana.

Hakikisha herufi T haitumiwi na diski nyingine, kisha andika FORMAT 391 T. Skrini itakuonya kwamba mafaili yote yaliyomo kwenye T(391) yatafutwa, na itakutaka uandike 1 kukubali au 0 kukataa. Hapo ndipo pa kusimama. Andika 0, kisha Q V 391, utazame idadi ya silinda na jina la diski vinalingana na ulivyokusudia; ndipo uanze upya na ujibu 1. Itakuomba lebo isiyozidi herufi sita, na ikimaliza itakutajia silinda zilizofomatiwa. Ikisema 20, andika QUERY DISK T na uhakikishe jumla ya vipande ni 3,600. Mwisho RELEASE T, kisha DETACH 391.

Kufomati hakuhusu ule ujumbe wa hitilafu peke yake. Nafasi iliyoachwa na mtumiaji aliyeondoka hubaki na mafaili yake mpaka iandikwe upya. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, karani mpya alipewa minidiski iliyoanzia silinda ileile ya mtu aliyestaafu. CMS iliikuta lebo ya zamani, haikutoa ujumbe wowote, na kijana wa watu akajikuta anasoma orodha ya mishahara ya idara nzima. Kwa hiyo diski inayofunguka bila malalamiko ndiyo ya kuishuku zaidi.

Ikiwa mmoja wa hao watatu ataendesha Linux, diski zake usizipitishie FORMAT ya CMS. Linux ina amri yake ya kufomati, dasdfmt. Na akihitaji nafasi ya muda tu, mpe diski ya kuigiza iliyo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta kwa amri ya DEFINE VFB-512, lakini umwambie mapema kwamba itatoweka pindi atakapotoka.

Najua kwamba umeme wa huko hukatika. Ukikatika katikati ya kufomati, CP hukutenga tu na kazi huendelea upande wa pili, hivyo usiharakishe kuanza upya. Umeme ukirudi, ingia kwa LOGON kama kawaida. Ukikuta CP READ pembeni chini ya skrini, andika BEGIN, kisha usubiri uone ile idadi ya silinda 20.