Paja gumu, homa, ngozi haina kitu: msisubiri "jipu liive"

Mleta mada, umesema mgonjwa ana miaka 34, paja limevimba siku ya nane, anatumia diklofenaki na amoksilini, na ameambiwa arudi jipu likiiva. Hilo halitaiva machoni. Ninachoshuku ni payomayositisi, yaani usaha wa ndani ya msuli, nao uko chini ya mafuta na utando mgumu, kwa hiyo ngozi inaweza kubaki ya kawaida huku chini kumeoza. Diklofenaki inashusha homa na kuwadanganya wote. Amoksilini nayo, bakteria wengi wa Stafilokokasi, ambao ndio wahusika wakuu hapa, huivunja.

Siku kumi za mwanzo msuli hukaza kama ubao na sindano inaweza kutoka kavu. Kuanzia hapo hadi wiki ya tatu usaha hujikusanya. Ukiachwa, sumu husambaa mwilini.

Fanya ultrasaundi leo, mapaja yote mawili yalinganishwe, na mishipa ikaguliwe maana damu iliyoganda hufanana sana na hili. Kipimo cha CK (kimeng'enya kinachopanda msuli ukiharibika) kikiwa sawa kisikutulize, mara nyingi huwa hivyo. Damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki ya mshipa. Pima sukari na VVU.

Usaha ukionekana, vuta kwa sindano namba 18 au nene zaidi; nyembamba huziba. Peleka maabara uoteshwe na dawa zipimwe. Ukiwa mwingi au mzito, apasuliwe na kuwekewa mpira wa kutolea usaha. Kloksasilini gramu 2 kwa mshipa kila saa 6. Ukishuku bakteria sugu, vankomaisini miligramu 15 hadi 20 kwa kilo kila saa 12, ukifuatilia figo. Homa ikitulia ahamie vidonge, jumla wiki 3 hadi 4.

Kosa ninaloliona sana: homa inaendelea siku ya tatu, watu wanabadilisha dawa. Rudia ultrasaundi kwanza! Kwa kawaida kuna mfuko mwingine haujaguswa.

Maumivu yakizidi kile unachokiona, malengelenge, ngozi kuwa nyeusi au kutoa mlio ukiibonyeza: hapo ni chumba cha upasuaji saa hiyohiyo, na klindamaisini iongezwe.

Akikunja nyonga na kushindwa kuinyoosha, tafuta usaha kwenye msuli wa soasi (ule wa ndani unaotoka mgongoni hadi juu ya paja), na huo upimwe TB pia.