Nimezirudia Spider-Man tatu za Sam Raimi: tatizo la ya tatu ni kifo cha Ben

Ndugu yetu ameuliza kama inafaa kuzirudia zote tatu za Spider-Man alizoongoza Sam Raimi, yaani ya mwaka 2002, ya 2004 na ya 2007, au aishie kwenye ya pili kwa kuwa kila mtu humwambia kwamba ya tatu haina maana. Wengi wamekwisha kumjibu kwamba ya pili ndiyo bora, ya kwanza inafuata, na ya tatu inashika mkia kwa sababu imerundikiwa maadui watatu. Mpangilio huo naukubali. Sababu inayotolewa ndiyo siikubali, na kwa kuwa nimezitazama zote upya hivi karibuni, moja baada ya nyingine, nitaeleza kwa urefu kidogo.

Tuanze na ya kwanza, maana humo ndimo deni la hadithi nzima linamokopwa. Peter Parker, anayeigizwa na Tobey Maguire, ameshang'atwa na buibui na kupata nguvu, na jambo la kwanza analolitaka ni fedha za kununulia gari ili Mary Jane, msichana anayempenda, amtazame. Anamdanganya mjomba wake Ben kwamba anakwenda maktaba, kisha anaingia kwenye ulingo wa mieleka ambako ameahidiwa dola 3,000 akistahimili dakika tatu. Anammaliza mpinzani wake kwa dakika mbili, na mwandaaji anatumia kisingizio hichohicho kumlipa dola 100 na kumwambia kwamba shida zake hazimhusu. Muda mfupi baadaye jambazi anamwibia mwandaaji huyo, anakimbia kuelekea kwenye lifti alikosimama Peter, na Peter anampisha. Mwandaaji anapolalamika, anarudishiwa maneno yaleyale aliyoyatoa. Nje ya jengo, Ben aliyekuja kumchukua kijana wake anauawa, na gari lake linachukuliwa.

Nilipoitazama upya nilivutiwa na udogo wa mambo yenyewe. Hakuna hata hatua moja hapo ambayo mtazamaji anaweza kuapa kwamba yeye asingeifanya: uongo mdogo wa nyumbani, tamaa ya kijana mwenye mapenzi, kinyongo cha mtu aliyedhulumiwa ujira wake. Mwandishi wa mswada, David Koepp, hakumfanya Peter kuwa mkatili ili baadaye apate la kujutia. Alimwacha awe mtu wa kawaida kwa dakika moja, na dakika hiyo ikatosha. Kila anachokikataa baadaye, hata mapenzi ya Mary Jane anayoyageuzia mgongo makaburini mwishoni mwa filamu, kinatoka hapo.

Mengine katika filamu hiyo nitayapita haraka. Michoro ya kompyuta ya wakati ule imezeeka, hasa pale Peter anaporukaruka juu ya mapaa kama mwanasesere wa mpira. Willem Dafoe, anayemwigiza adui Norman Osborn, yaani Green Goblin, ni wa ajabu anapozungumza na nafsi yake kwenye kioo, kisha wakamvika kofia ngumu ya kijani inayoficha uso ambao ulikuwa silaha kubwa kuliko zote walizokuwa nazo. Watu wawili waliofunikwa nyuso wakiketi juu ya paa na kubishana, mtazamaji hana pa kushika. Lile tukio la darajani, wakazi wa New York wanapomrushia Green Goblin vitu na kumwambia kwamba anayemgusa mmoja wao amewagusa wote, huwachekesha vijana wa leo. Ni vizuri wajue kwamba liliongezwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na kwamba tangazo la awali la filamu hiyo, lililoonyesha helikopta ikinaswa kwenye utando kati ya minara miwili ya World Trade Center, liliondolewa kwa sababu hiyohiyo. Filamu ilipotoka Mei 2002 iliingiza zaidi ya dola milioni 100 katika siku tatu za kwanza nchini Marekani, jambo ambalo hakuna filamu iliyokuwa imelifanya kabla yake.

Sasa ya pili. Watu wanapoisifu hutaja pambano la kwenye treni, na kwa haki kabisa, lakini mimi ningeomba mtu aitazame kama filamu ya kodi ya nyumba. Peter anafukuzwa kazi ya kupeleka piza, mwenye nyumba anamvizia mlangoni, masomo yanamshinda, na shangazi yake May, ambaye benki inakaribia kumnyang'anya nyumba, anamlazimisha apokee noti ya dola 20 kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, kisha anaangua kilio kwa aibu ya jinsi alivyomkaripia. Nguvu za Peter zinapoanza kumtoka, hakuna dawa wala sumu inayoelezwa. Amechoka tu. Filamu nyingi za mashujaa zilizofuata zimehitaji mashine au jiwe la ajabu ili kumnyang'anya shujaa nguvu zake. Hii ilitumia uchovu, na ikaeleweka.

Onyesho ambalo kwangu ni kilele cha zote tatu halina pigo hata moja. Peter na May wako mezani nyumbani, May akiendelea kujilaumu kwa kifo cha mumewe, na Peter anashindwa kuvumilia tena. Anamweleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kumzuia jambazi, na kwamba Ben aliuawa kwa sababu alikuja kumchukua yeye. Rosemary Harris, anayemwigiza May, hasemi neno. Anauondoa mkono wake taratibu kutoka katika mkono wa kijana, anainuka, na anapanda ngazi kwenda chumbani. Raimi angeweza kutuletea machozi na kukumbatiana papo hapo, kama ilivyo ada, lakini alimwacha Peter peke yake mezani na kuuahirisha msamaha hadi siku ambayo May anafungasha vitu vyake kuhama. Deni lililokopwa katika filamu ya kwanza linalipwa hapa, na linalipwa kwa gharama kamili.

Adui wa filamu hiyo, Otto Octavius au Doctor Octopus, anayeigizwa na Alfred Molina, amefungwa kwenye uzi huohuo, na ndiyo maana hahitaji mwenziwe. Naye ni mtu mwenye kipaji aliyesababisha kifo cha anayempenda kwa kutosikiliza onyo, ila yeye anachagua kuirudia kazi iliyomuua mkewe badala ya kukiri. Anapozinduka hospitalini, madaktari wakiwa wamejiandaa kuikata mikono yake ya chuma kwa msumeno, tunamwona Raimi wa zamani, yule aliyeanza na filamu za kutisha za bei ya chini: vivuli ukutani, mayowe, na kucha za muuguzi zikikwaruza sakafu anapoburutwa. Sijui kama leo kampuni kubwa ingeruhusu hilo katika filamu iliyokusudiwa watoto pia.

Kuhusu treni nitasema jambo moja tu. Madoido yake yaliiletea filamu tuzo ya Oscar, lakini kilichobaki akilini ni yale yanayofuata baada ya treni kusimama, abiria wanapomnyanyua Peter juu ya vichwa vyao, wakamlaza chini, wakaona uso wake bila barakoa, na mmoja akasema kwamba ni kijana tu, hazidi umri wa mwanawe. Hapo pambano linapata maana, kwa kuwa kwa mara ya kwanza mji unamjua kwa sura na unamfichia siri.

Basi tuje kwenye ya tatu. Inajulikana wazi kwamba Raimi hakuwa na mapenzi na Venom, mmoja wa maadui hao watatu, na kwamba mtayarishaji Avi Arad ndiye aliyemshawishi amwingize kwa ajili ya mashabiki. Inaonekana pia: Venom anakuja amechelewa na anaondoka mapema. Lakini maadui watatu peke yao hawaui hadithi. Harry Osborn, rafiki wa Peter anayemlaumu kwa kifo cha baba yake, Green Goblin, na anayeigizwa na James Franco, alikuwa akiandaliwa tangu mwisho wa filamu ya kwanza, hivyo si mgeni; na Flint Marko, yaani Sandman, mhalifu aliyegeuka mchanga, ana sababu inayoeleweka, mtoto mgonjwa anayehitaji matibabu. Ukiwatazama hao wawili peke yao, filamu inapumua.

Kilichoivunja ni uamuzi mmoja wa mswada. Polisi wanamwita Peter na May na kuwaambia kwamba yule jambazi wa kwanza hakuwa muuaji. Aliyefyatua risasi ni mwenzake, Marko. Kwa sentensi hiyo moja, meza ile ya filamu ya pili inatikisika. Peter anapata mtu mwingine wa kumchukia, na filamu inamtumia Marko kueleza hasira yake yote, huku vazi jeusi, ambalo ni kiumbe kilichoanguka kutoka angani, likieleza ukatili wake. Kijana ambaye ukubwa wake wote ulitokana na kubeba lawama yake mwenyewe sasa ana watu wawili wa kumsaidia kuibeba.

Najua kuna atakayenijibu kwamba mwishoni Marko anaeleza kila kitu, na hapo ndipo nilipokasirika zaidi nilipoitazama upya. Anasema kwamba Ben alimsihi aweke bastola chini na aende nyumbani, na kwamba alikuwa akianza kumsikia, ndipo akamwona mwenzake akija mbio na fedha, na bastola ikalia. Huyo aliyekuja mbio na fedha ni nani? Ni yuleyule ambaye Peter alimpisha kwenye lifti. Uzi ulikuwa mikononi mwao! Lawama ya Peter haikufutwa. Ilikuwa imepata jina jipya, kwa kuwa asingempisha yule, huenda Ben angemshawishi Marko na wote wangerudi makwao. Ilitosha Peter anyamaze sekunde chache na kulielewa hilo, kisha msamaha wake kwa Marko ungekuwa wa mkosaji kwa mkosaji mwenzake. Badala yake anatamka kwa jumla tu kwamba naye amefanya mabaya, anasamehe, na Marko anapeperuka na upepo. Baada ya dakika karibu 139 na bajeti iliyotajwa kuwa takriban dola milioni 258, hakukupatikana nafasi ya sentensi hiyo.

Kosa kama hilo linajirudia upande wa Harry. Mtumishi wa nyumbani, aliyekuwapo tangu mwanzo, anajitokeza dakika za mwisho kumwambia kwamba jeraha la baba yake lilitokana na chombo chake mwenyewe cha kurukia. Ukweli ambao ungepaswa kuwagharimu Peter na Harry mazungumzo magumu unaletwa na mtu wa tatu kama barua ya posta.

Hata hivyo usiiruke. Kuzaliwa kwa Sandman ni mojawapo ya maonyesho mazuri kuliko yote katika filamu hizi: chembe za mchanga zinajaribu kujikusanya kuwa mtu, zinaanguka, zinajaribu tena, mkono unashindwa kuokota kidani chenye picha ya binti yake, na hatimaye unaweza. Hakuna mazungumzo yoyote, ni picha na muziki wa Christopher Young aliyempokea Danny Elfman. Filamu hii niliiona mara ya kwanza katika kibanda cha video, ikiwa imetiwa sauti ya mfasiri wa Kiswahili ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna sekunde inayopita kimya. Marko alipokuwa akijikusanya, mfasiri alimsemea maneno, akampa jina la mtaani na kututangazia kisasi kitakachofuata, na kibanda kizima kikacheka. Ilikuwa burudani ya aina yake na sijutii hata kidogo, ila nilipoliona onyesho hilo katika ukimya wake nilihisi nimeonyeshwa filamu nyingine.

Hata ile dansi ya Peter aliyevimba kichwa barabarani, inayozungushwa mitandaoni kama kichekesho, ni sahihi ukiitazama ndani ya hadithi. Kijana asiyejua majivuno akijivuna, ataigiza majivuno namna hiyohiyo, vibaya, na wanawake wanaopishana naye wanamshangaa. Dansi inayofuata katika klabu ya muziki wa jazi, anapomdhalilisha Mary Jane kazini kwake, ndiyo yenye uchungu halisi.

Na kwa kuwa nimemtaja Mary Jane, niseme lisilosemwa sana: Kirsten Dunst, anayemwigiza, ananing'inizwa mahali katika kila mwisho wa filamu. Darajani, gatini kwenye mtambo wa Octavius, kisha ndani ya teksi iliyonaswa kwenye utando. Ya tatu ndiyo inayompa maisha yake mwenyewe, kazi ya jukwaani anayoipoteza na mpenzi asiyesikiliza, halafu inamrudisha hewani kama kawaida. Katika hilo hakuna iliyo bora kuliko nyingine.

Kwa hiyo zitazame zote, kwa mpangilio wa kutoka, na usiache muda mrefu kati ya ya pili na ya tatu, la sivyo hutaihisi ile meza ikitikisika. Ya pili itazame ile ya dakika 127 iliyoonyeshwa sinema. Lipo toleo refu linaloitwa 2.1, ambalo limeongezwa dakika kadhaa, lakini nyingi kati yake zinapunguza kasi. Pekee ninaloweza kulitetea ni lile la mhariri Jameson, yaani J. K. Simmons, akiwa amelivaa vazi la Spider-Man ofisini kwake na kurukaruka juu ya meza, na hilo unaweza kulitafuta peke yake.