Mwanangu analia kila nikifungua daftari

SWALI

Shikamoo dada. Mi ni mama wa watoto wawili tunakaa Goba, wa kwanza wa kike ana miaka saba, mdogo wake wa kiume ana mitatu. Huyu mkubwa tulimpeleka ingilishi midiamu moja iko mbali kidogo, basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri maana sisi ndo wa mwanzo kupitiwa, jioni anashushwa saa kumi na moja na foleni ikikaza hata saa kumi na mbili, anakula macho yamefumba, homuwaki anafanya huku analia. Mi nashona nguo nyumbani kwahiyo nikaongea na baba yake tukakubaliana tumtoe nimsomeshe mwenyewe hapa hapa.

Sasa ni mwezi wa tatu na bado analia. Nilinunua ubao, nikamchongeshea dawati, ratiba nimebandika ukutani vipindi nane toka saa mbili mpaka saa tisa, lakini nikifungua tu daftari machozi. Kiingereza anasoma haraka ila ukimuuliza umesoma nini hajui, Kiswahili ndo anajikwaa kabisa. Mdogo wake anapanda mezani anachora kwenye madaftari ya dada yake. Majirani wanasema nimemfungia mtoto ndani, mama mkwe kasema namharibia mjukuu wake. Na usiku silali nawaza serikali wakija kuuliza mtoto yuko wapi nitawajibu nini? Naombeni mawazo yenu wenye uzoefu.
Mama Wawili, Goba

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa hizo siku za machozi, nazijua. Mi wangu nimewasomesha nyumbani Tabata miaka sita sasa na mwaka wa kwanza nilifanya hivo hivo ulivofanya wewe, ratiba ukutani, kengele, mpaka sare nilitaka kumshonea.

Hebu angalia kitu kimoja. Ulimtoa kwenye lile basi kwasababu siku yake ilikua ndefu kupita umri wake, alafu ukamrudishia siku ile ile sebuleni kwako. Vipindi vingi vya shule viko hivo kwasababu mwalimu ana watoto arobaini, hamsini na zaidi, muda unaenda kwenye kuita majina na kunyamazisha na kusahihisha madaftari kwenye foleni, yule mtoto mmoja mmoja anapata dakika chache sana za mwalimu wake. Wewe uko na mmoja na umekaa nae goti kwa goti, muda wa saa moja na nusu tu asubuhi unamtosha kabisa mtoto wa miaka saba. Anza saa mbili joto halijapanda, saa tatu na nusu funga daftari hata kama sentensi imebaki nusu, kesho ataimalizia. Hiyo ratiba ya ukutani ibandue, na uibandue yeye akiwepo aone kwa macho yake. Alafu wiki mbili za kwanza usimpe daftari kabisa, msomee tu wewe, jioni mkiwa mmejilaza, yeye asikilize. Mtoto aliyechoka anahitaji kupumzika kabla ya kufundishwa na hizo wiki mbili hutazijutia.

Kwenye Kiswahili nimecheka kidogo kwa furaha maana hilo linatibika haraka kuliko unavofikiri. Anajikwaa kwasababu alizoeshwa kukisoma kwa macho ya Kiingereza, anataka kukisia neno zima. Kiswahili kinasomeka kwa silabi, ba be bi bo bu, ukishazijua silabi unasoma hata neno ambalo hujawahi kulisikia. Mrudishe huko bila kumwambia umemrudisha nyuma. Andika silabi kwenye vikaratasi vya boksi, mmwage mkekani, mjenge maneno ya vitu vilivyomo humo ndani, meza, kata, sufuria, kitambaa.

Na zile silabi za kusumbua zifundishe kwa mdomo na sikio. Mi mwanangu alikua anasoma ng'ombe kama ngoma, kila siku, mpaka nikakata tamaa. Siku moja nikamwambia sema ngoma taratibu alafu usikilize, akasema, akaisikia g, nikamwambia sasa sema ng'ombe, akaitafuta g hakuiona. Akaniangalia kama nimemfanyia kiini macho. Tukachora mstari katikati ya ukurasa, huku ngoma, nguo, ngazi, kule ng'ombe, ng'ambo, ng'aa, kila neno analitamka na kusikiliza kama lina g kabla ya kuliandika. Toka siku hiyo ile alama ya juu ya ng' hajaisahau.

Kuhesabu kuko kwenye cherehani yako mama. Mpe kopo la vifungo, atunge kumi kumi kwenye uzi afunge fundo, nyuzi tatu na vifungo vinne pembeni ni thelathini na nne, akishika hiyo kwa vidole hesabu za makumi na mamoja hazimtishi tena. Mpe na tepu yako ya kupimia apime kanga, mlango, mdogo wake akiwa amelala. Mteja akija kuchukua gauni mwache yeye arudishe chenji, wewe ukiwa pembeni.

Huyo wa miaka mitatu hutamshinda kwa kumfukuza, nakwambia kweli. Mpe daftari lake na kalamu ya rangi, likiisha jingine, na asubuhi ile ya kazi muwekee beseni la maji barazani na vikombe na faneli, anamwaga anajaza hapo unapomuona, beseni la maji haliachwi na mtoto peke yake hata dakika moja. Kama bado analala mchana basi kazi ngumu ya dada yake ihamishie hapo.

Majirani watanyamaza wakimuona mtoto. Saa kumi jioni wenzake wakirudi shule mtoe nje acheze kombolela nao kila siku bila kukosa, na kama ni madrasa au shule ya Jumapili asikose pia, huko ndo anapata marafiki. Mama mkwe usibishane nae. Mwite Jumamosi umwambie mama naomba mtungie mjukuu wako hadithi, aanze na paukwa pakawa zake, alafu mtoto aandike sentensi tatu za alichosikia amsomee bibi yake. Bibi akisikia maneno yake mwenyewe yanasomwa na mjukuu, maneno ya kumharibia mtoto yatapungua, kwangu ilichukua Jumamosi tatu.

Sasa serikali. Hapa naomba unisikilize vizuri kwasababu wazazi wengi tunajificha na kujificha ndo kosa. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto akifika miaka saba awe ameandikishwa shule ya msingi, na mzazi anaweza kushtakiwa. Sera ya elimu tunayokwenda nayo sasa, ile ya 2014 toleo la 2023, imesema elimu ya lazima ni miaka kumi, msingi ikiwa miaka sita, na mtoto anaanza darasa la kwanza na miaka sita. Kwahiyo wako yumo tayari. Upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza msingi mtoto anasajiliwa kupitia shule, kuna namba anapewa kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, inayomfuata mpaka mwisho, usimwache akaipoteza. Nenda mwenyewe kwa afisa elimu kata kabla hajaja yeye, beba cheti cha kuzaliwa na madaftari, mweleze hali ya mtoto, msikilize atakachokwambia na ukifuate. Mi nilienda natetemeka, nikakuta mama mtu mzima akanipekulia madaftari yote moja moja, akaniuliza hesabu hizi kazifanya mwenyewe? Tulitoka hapo tumeelewana na shule ya mtaani kwetu na hadi leo nikipita ananiuliza mtoto anaendeleaje. Siwezi kukuahidi wa kwenu atakua hivo, ila usingizi wako utarudi ukishaongea nae. Na ikionekana shule ya karibu inayofikika kwa miguu ndo njia yenu, mpeleke na jioni uendelee na vifungo na hadithi, hakuna ulichopoteza.

Vitabu usikimbilie kununua vya kwenye vibaraza vya mjini maana mtaala mpya ulianza kutumika 2024 na vya zamani bado vinauzwa rundo. Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao, vitabu vya kiada unavisoma bure kwenye simu, angalia kwanza huko ndo ununue. Na mara moja moja panda nae gari mpaka Kimara mchukue mwendokasi mwende Posta, Maktaba Kuu ya Taifa iko pale barabara ya Bibi Titi Mohamed toka 1967, siku nyingine Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert akasikie habari za Zinjanthropus aliyefukuliwa Olduvai 1959. Kimoja kwa siku moja. Ukimzungusha kote siku hiyo hiyo atakachokumbuka ni jua.

KUTOKA KIGAMBONI

Salaam dada. Mi ni baba, kijana wangu ana miaka kumi, shuleni anaenda ila likizo na jioni namfundisha mwenyewe nikaona nichangie kilichotusaidia. Alikua hapendi sayansi kabisa. Tukaanza daftari la maji, kila siku anaandika saa ambayo bahari imejaa kabisa na pembeni anachora mwezi ulivo usiku huo. Mwezi ulivoisha akaja kuniambia mwenyewe baba maji kila siku yanachelewa, tukapiga hesabu ikaja karibu dakika hamsini kwa siku. Akaona na bamvua, yale maji yanayojaa na kutoka kupita kawaida, inakuja mwezi ukiwa mpevu na ukiandama, nusu mwezi maji yanakua mafu. Wavuvi pale ufukweni wanajua haya yote bila daftari, alivowasomea namba zake wakamuita fundi. Swali langu ni la binti yangu mkubwa, aliacha kidato cha pili kwa kuumwa muda mrefu, sa hivi mzima ana miaka kumi na saba anajisomea nyumbani. Anaweza kufanya mtihani wa kidato cha nne?

Jibu: Asante sana kaka, hilo daftari la maji naanza na wangu wiki hii. Binti anaweza. Kwanza muulize mwenyewe kama anatamani kurudi darasani, tangu mwishoni mwa 2021 serikali iliwafungulia walioacha sekondari mlango wa kurudi. Akitaka kusomea nje ya shule anaanza na Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, akifaulu anajisajili mwaka unaofuata kama mtahiniwa wa kujitegemea kwenye kituo kinachotambuliwa na NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nao wanasomesha sekondari kwa walio nje ya shule, nendeni mkaulize wote wawili, na usajili ufuatilieni mwaka unapoanza tu msisubiri siku za mwisho. Masomo ya sayansi yana vitendo, hakikisheni kituo mtakachochagua kina maabara kabla hamjalipa chochote.

Mama wa Goba, huyu baba yuko tayari kuongea na familia nyingine zinazofundisha nyumbani, ameacha namba kwetu, ukitaka tuandikie tukuunganishe. Na ukishaenda kwa afisa elimu tuambie alisemaje, kuna barua nne hapa mezani za akina mama wanauliza hilo hilo.