Programu ya DOS imegoma kwenye laptop mpya

SWALI: Habari mkuu, mi nina duka la spea, stoo yote ipo kwenye programu ya DOS (ule mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows) aliyotuandikia kijana mmoja kwa Turbo Pascal, zana ya kutengenezea programu, miaka ya tisini. Kompyuta ya zamani imekufa, nimenunua laptop ya Windows 11 haitaki hata kuifungua. Fundi akaniwekea DOSBox akaiseti spidi ya mwisho, sasa inawaka tu inaandika Runtime error 200 inazima. Data zangu ndo basi tena? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Data zipo boss, tulia. Programu yako ni ya biti 16 na Windows 11 ipo ya biti 64 tu, prosesa ikishaingia biti 64 ile njia ambayo Windows za zamani zilipitishia mambo ya DOS haipo, kwa hiyo usihangaike na kubofyabofya compatibility mode, ile sehemu ya Windows ya kuendeshea programu za zamani. DOSBox yenyewe inaigiza prosesa nzima ya kizamani, kila amri ya programu yako inaitafsiri ndo laptop itekeleze. Apple nao 2020 walipohama prosesa za Intel kwenda M1, prosesa yao wenyewe, walitumia ujanja wa ukoo huohuo, wakauita Rosetta 2.

Sasa hiyo error 200, hapo ndo patamu. Maana yake ni kugawa kwa sifuri ila sifuri yenyewe haipo! Programu za Turbo Pascal nyingi zikiwaka zinahesabu prosesa imezunguka mara ngapi ndani ya milisekunde 55 halafu zinagawa kwa 55, ili zijue kusubiri, na jibu likizidi 65,535 halienei kwenye nafasi yake, prosesa inatoa lalamiko lilelile la kugawa kwa sifuri. Watu walianza kukutana nayo enzi za Pentium za 200 MHz hivi. Fundi kuweka spidi ya mwisho ndo kakuletea ugonjwa.

Fungua faili la mipangilio la DOSBox, palipoandikwa cycles=max (cycles ndo spidi yenyewe) weka cycles=10000, sevu, washa upya. Ikiwa nzito bonyeza Ctrl+F12 kidogokidogo kupandisha spidi, ikizidi Ctrl+F11 inashusha. Ila kwanza kopi folda nzima kwenye flashi, maana DOSBox inaandika kwenye folda yako halisi, ukiharibu umeharibu kweli.

Na kama unaprinti risiti chukua DOSBox-X, toleo jingine la DOSBox, ile ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya magemu, mambo ya printa haina habari nayo.