Mipangilio ya antivirusi imefungwa? Jua kwanza nani kaweka kufuli

Unafungua Windows Security ili uwashe ulinzi. Swichi imepauka, haibonyezeki, na chini yake pameandikwa "This setting is managed by your administrator". Kompyuta ni ya nyumbani, msimamizi ni wewe. Huyo mwingine katoka wapi?

Mara nyingi hayupo. Windows hutoa maneno hayo kila inapokuta sera, yaani agizo linalolazimisha mpangilio fulani, imeandikwa mahali fulani kwenye rejista yake (ghala la mipangilio ya mfumo), na haijali nani kaiandika. Programu ya "kuharakisha kompyuta", kraki (kijiprogramu cha kuvunja leseni) ya programu ya kulipia, akaunti ya kazini au kirusi, wote huandika palepale na wote hutokeza ujumbe uleule. Ndiyo maana kunakili amri ya kwanza unayoiona mtandaoni na kuibandika ni kubahatisha tu.

Anza na swali jepesi: kuna antivirusi nyingine? Ndani ya Windows Security, kwenye "Virus & threat protection", shuka hadi "Manage providers". Ukiona jina jingine limewashwa, hakuna kilichoharibika. Defender, antivirusi iliyomo ndani ya Windows yenyewe, hujiweka pembeni antivirusi nyingine inapojisajili, kwa sababu mbili zikichunguza faili moja kwa wakati mmoja hugongana na kuizorotesha kompyuta. Tatizo hutokea pale ile ya majaribio iliyokuja na kompyuta inapoisha muda, au inaposaniduliwa ikabakiza mabaki yake. Jina bado lipo, ulinzi haupo. Hapo kusanidua kwa njia ya kawaida hakutoshi. Kampuni nyingi za antivirusi zina kifaa chao maalumu cha kufuta mabaki, kipakue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe na ukiendeshe katika hali salama: shikilia Shift huku ukibofya "Restart", kisha "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", halafu bonyeza 4. Kabla ya hapo hakikisha una ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), ule wa tarakimu 48. Kompyuta nyingi za siku hizi husimba diski kimyakimya, na zinaweza kuudai ufunguo huo wakati usioutarajia. Kwa kawaida huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Kama iliyofungwa ni mipangilio ya hiyo antivirusi nyingine na inadai nywila uliyoisahau, njia ni hiyohiyo: iondoe kwa kifaa cha kampuni, uisakinishe upya. Vijiprogramu vinavyodai kuvunja nywila hizo viache. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kuficha virusi.

Akaunti nayo haichukui muda kuikagua. Kwenye "Settings", "Accounts", "Your info", chini ya jina lako panapaswa kuonekana "Administrator". Kisha fungua "Access work or school". Watu wengi huingia kwenye Word au Teams kwa barua pepe ya kazini, wakaacha tiki kwenye kisanduku kinachoruhusu taasisi kusimamia kifaa. Tangu siku hiyo kompyuta inaweza kuwa inapokea sera za mwajiri. Kama mashine ni yako, tenganisha akaunti hiyo na uwashe upya. Kama ni ya mwajiri, ishia hapa umpigie fundi wao, kwa sababu kufuli hilo limewekwa makusudi.

Sasa sehemu yenye kazi. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, uandike:

Get-MpComputerStatus | Select AMRunningMode, AMServiceEnabled, RealTimeProtectionEnabled, IsTamperProtected

Kama antivirusi yako ni Defender, hali inayotakiwa ni "Normal", na vile vingine vitatu viwe "True". Ukipata kosa lenye namba 0x800106ba, huduma ya Defender haifanyi kazi kabisa. Ikitokea hivyo na huna antivirusi nyingine, ongeza tahadhari: huduma hiyo haizimiki kirahisi kwa kubonyeza vibaya.

Kisha tazama sera zenyewe:

reg query "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows Defender" /s

Kwenye kompyuta ya nyumbani isiyosimamiwa na mtu, usitarajie kukuta humo agizo lolote la kuzima ulinzi. Majina ya kutafuta ni DisableAntiSpyware, DisableAntiVirus, na ndani ya tawi la Real-Time Protection, DisableRealtimeMonitoring na DisableBehaviorMonitoring. Yakiwa na thamani 0x1 (yaani 1, agizo limewashwa), umempata aliyefunga. DisableAntiSpyware ina kioja chake: tangu 2020 matoleo mapya ya Defender kwenye kompyuta za kawaida huipuuza. Lakini ukiikuta usiipuuze wewe, maana inaonyesha kwamba kuna kitu kilijaribu kuzima ulinzi.

Weka nakala kwanza, kisha futa thamani mojamoja badala ya kung'oa tawi zima:

reg export "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows Defender" C:\Users\Public\sera.reg

reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows Defender" /v DisableAntiSpyware /f

reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows Defender\Real-Time Protection" /v DisableRealtimeMonitoring /f

Kama ukurasa mzima wa virusi umetoweka au unasema haupatikani, angalia pia tawi la jirani liitwalo Windows Defender Security Center. Humo, chini ya Virus and threat protection, thamani ya UILockdown ikiwa 1 huficha ukurasa wote.

Baada ya kufuta, chagua "Restart". Usizime kisha ukawasha. Wengi hukosea hapa wakadhani amri hazikufanya kazi: Windows ina utaratibu wa kuwaka haraka unaohifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski unapozima, kwa hiyo kuzima na kuwasha si mwanzo mpya kamili.

Ulizofuta zikirudi, usizifute mara ya pili. Kuna kinachoziandika upya, na hicho ndicho cha kutafuta. Mshukiwa wa kwanza ni Registry.pol, faili linalohifadhi sera, ndani ya C:\Windows\System32\GroupPolicy\Machine. Windows husoma sera upya wakati wa kuwaka, na baadaye kila baada ya dakika 90 hivi, ikiongeza hadi dakika 30 za nasibu. Toleo la Home halina kihariri cha sera cha gpedit, ila hilo halizuii programu kulipachika faili hilo humo. Libadilishe jina liwe Registry.old, kisha andika gpupdate /force, na urudie kufuta thamani zile.

Mshukiwa wa pili ni kazi iliyopangwa. Fungua Task Scheduler, utafute kazi inayoanza kila unapoingia na inayoita PowerShell au faili lililo kwenye folda ya AppData au Temp. Ukiipata, izime bila kuifuta, ili ujue inaelekeza kwenye faili gani.

Kabla ya kuskani kuna hatua ambayo maelekezo mengi huiruka. Virusi vingi havihangaiki kuzima Defender, vinaiambia tu isiangalie pahali fulani. Endesha hii kama msimamizi:

Get-MpPreference | Select -ExpandProperty ExclusionPath

Ukikuta C:\ humo, kila skani uliyofanya ilikuwa bure, kwani diski nzima imesamehewa. Iondoe:

Remove-MpPreference -ExclusionPath "C:\"

Kagua pia ExclusionProcess na ExclusionExtension kwa mtindo huohuo. Folda uliyoisamehe mwenyewe utaikumbuka. Usiyoikumbuka, toa.

Ndipo uende kwenye "Scan options" uchague "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)". Kompyuta itajiwasha upya na kuchunguza kabla Windows haijaamka, kazi ya takriban dakika 15. Kirusi ambacho hakijapata nafasi ya kuwaka hakiwezi kujitetea. Funga kazi zako kwanza, maana haitakungoja. Kama huduma ya Defender imekufa kabisa, tumia Microsoft Safety Scanner, na ni vizuri uipakue kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, uihamishe kwa flashi. Inakwisha muda siku 10 baada ya kupakuliwa, kwa hiyo ile ya mwezi uliopita haifai. Skani ikikamata kitu, badilisha nywila zako muhimu ukitumia simu au kifaa kingine.

Inawezekana pia sera hakuna, virusi hakuna, na ukurasa wa Windows Security bado hauna uhai. Hapo ni mfumo wenyewe umechakaa. Tumia zana mbili za ukarabati za Windows: endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth kwanza, kisha sfc /scannow. Mpangilio huo una sababu: sfc hutengeneza mafaili kutoka kwenye ghala ambalo DISM ndiyo hulikarabati. Kwenye Windows 11 unaweza pia kuirejesha programu ya ukurasa huo peke yake:

Get-AppxPackage Microsoft.SecHealthUI -AllUsers | Reset-AppxPackage

Hata hilo likishindikana, weka nakala za nyaraka zako na usakinishe Windows upya. Kompyuta iliyokuwa na kraki ndani yake ningeipeleka huko mapema zaidi, badala ya kuipigania wiki nzima.

Swichi zikishafunguka, hakikisha "Tamper Protection" imewashwa, maana ndiyo inayozuia programu nyingine kuuzima tena ulinzi. Kisha jaribu kwa faili la EICAR, mstari wa herufi na alama 68 usio na madhara, unaotambuliwa na antivirusi karibu zote kama kirusi cha majaribio. Lipakue kwenye tovuti ya EICAR, taasisi iliyolipa jina. Likifutwa kabla hujalifungua, ulinzi umerudi. Na ukiuzima ulinzi wa papo kwa papo kwa muda kisha ukaukuta umejiwasha wenyewe, usianze kutafuta sera tena. Umetengenezwa ufanye hivyo.