Darubini ya bunduki: tazama mistari kwanza, kuvuta baadaye

Wanaoniomba ushauri wa darubini ya bunduki karibu wote huanza na swali moja: inavuta mara ngapi, yaani inakuza picha mara ngapi? Nasindikiza wawindaji huku Manyoni, pande za Rungwa na Kizigo, na ninachokiona ni kwamba mtu hukosa mnyama kwa kutoielewa mistari yake ya kulengea. Darubini kutofika mbali si tatizo kubwa kiasi hicho.

Hakikisha mistari na vifundo vya kurekebishia vinatumia kipimo kimoja. Vipimo vya pembe vinavyotumika ni viwili, mili na MOA. Mili moja ni sentimita 10 kwenye umbali wa mita 100. Kifundo cha sehemu ya kumi ya mili kikilia tk mara moja, pigo limesogea sentimita 1. MOA moja (dakika moja ya pembe) ni kama sentimita 2.9 kwenye umbali huohuo. Ukichanganya mistari ya mili na vifundo vya MOA, kila risasi utaipigia hesabu. Vikilingana, umeona risasi imepiga chini kwa mili moja, unazungusha milio kumi, kazi imeisha. Kwa sisi tuliozoea mita, mili ni nyepesi zaidi.

Halafu uliza mistari imewekwa wapi. Iliyowekwa mbele ya lenzi za kuvuta hukua pamoja na picha, kwa hiyo vipimo vyake ni vya kweli hata ukivuta kidogo. Kwa shabaha za mbali chukua hiyo. Iliyowekwa nyuma ya lenzi hizo haikui, na vipimo vyake ni sahihi kwenye mvuto mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu kabisa. Hapo ndipo watu wanapoponzwa. Mchana wa Septemba mazigazi yanachemka, picha inatetemeka, mtu anashusha kutoka 16 hadi 8, kisha analenga kwa alama ileile. Alama ya mili moja sasa ni mili mbili!

Hata hivyo, kwa vichaka vya Itigi mimi nachagua ya nyuma. Mle mnyama huonekana karibu na ghafla, unavuta kidogo tu, na mistari ya mbele hapo huwa myembamba kama uzi wa buibui. Taa ya katikati inasaidia, mradi ishuke hadi mwanga hafifu sana. Ikiwaka kupita kiasi jioni, inamfunika mnyama.

Kabla ya kulipa, itoe nje jioni jua likizama, iweke mvuto wa chini kabisa, uelekeze kwenye mti mweusi. Usipoona katikati ya mistari mara moja, mrudishie muuzaji.